Mama Vikopo, Aliyeuliza Mmoja Mmoja

Ifikapo tarehe thelathini Juni, saa ya kufunga ofisi, Mama Vikopo atakabidhi ufunguo wa chumba cha ridhaa na kuondoka katika taasisi hii aliyoitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa muuguzi kijana mwenye sare iliyopigwa pasi ikanyooka kama karatasi. Anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha maadili ya utafiti, mama wa watoto watatu, bibi wa wajukuu wawili, na mtu pekee katika jengo hili anayeweza kumsimamisha profesa katikati ya ngazi kwa kukohoa tu. Hakuna marefu yasiyo na ncha, tunajua. Ila wengine wetu tulishaanza kuamini kwamba ncha ya huyu imesahauliwa.

Kwa wafanyakazi wapya, tuanze na jina. Vikopo vinavyosemwa ni vile vya plastiki vyenye kifuniko cha bluu na kijiko kidogo ndani, ambavyo tunawapelekea watu majumbani ili waturudishie na choo kidogo cha kuchunguza. Taasisi yetu huchunguza vinasaba, yaani ule urithi wa mwili ambao mtu hupewa na wazazi wake, pamoja na vijidudu vinavyoishi tumboni mwa kila mmoja wetu, mkubwa kwa mdogo. Damu na mate ni rahisi kuombwa. Choo kina aibu zake. Mtu anayeweza kuketi sebuleni kwa watu, mbele ya mume, mke na mkwe, akaomba choo cha kila mmoja kwa adabu mpaka akaletewa na chai, huyo mwite jina lolote la utani, hatashtuka.

Alianza kwa kuwatoa watu damu. Mkono wake ulikuwa mwepesi; watoto waliofika wakilia walikuwa wakimwuliza ataanza lini, naye ameshamaliza. Kilichomsumbua hakikuwa sindano. Aliona watu wanatia sahihi fomu za ridhaa, yaani za kukubali kuchunguzwa, huku wanatazama mlango. Akamwendea mkurugenzi wa wakati ule akamwambia kwamba hawa hawajakubali, wamechoka tu kukaa. Mkurugenzi akamjibu kwamba kama ana njia iliyo bora, aionyeshe. Akapewa chumba cha mwisho wa korido, kilichokuwa stoo ya mashuka na magongo, pamoja na meza yenye mguu mmoja mfupi. Ndicho chumba cha ridhaa mpaka leo, na ule mguu bado umewekewa kipande cha boksi.

Humo ndani aliweka kiti kimoja kizuri chenye mto, na kigoda. Mgeni alikaa kwenye kiti. Mtafiti, awe na shahada ngapi, alikaa kwenye kigoda. Kabla mtafiti mpya hajaruhusiwa kukanyaga nyumba ya mtu, ilimbidi aingie humo, akunje magoti, amweleze Mama Vikopo kazi yake kwa maneno ya nyumbani. Mwenyewe alikuwa akijipanga kitini, anakunja mikono, kisha anasema: "Haya baba. Mimi ni mama mkwe wako, na wewe umekuja kuomba choo changu. Anza." Tumeona watu waliozoea kuhutubia kumbi nzima wakitokwa na jasho hapo. Daktari mmoja wa mahesabu ya jeni alitoka nje kunywa maji, akarudi, akatoka tena. Ukitumia neno ambalo mama mkwe halijui, alikuwa anainua kiganja tu, nawe unaanza upya. Mwandishi wa makala haya, ambaye meza yake imepakana na ukuta wa chumba kile, ameyasikia hayo kwa miaka mingi na hajawahi kuyachoka.

Desturi yake ya pili iliwaudhi zaidi. Hakupokea jibu la siku ileile. Mtu akisema ndiyo, alimshukuru, akamwambia alale nalo, na kesho yake akarudi kuuliza tena kwa maneno yaleyale. Watafiti walilalamika kuhusu gari, kuhusu mafuta, kuhusu wafadhili wanaosubiri. Yeye aliwajibu kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kumkubali mwanamume jioni na kumkataa asubuhi, na tangu hapo hana imani na majibu ya jioni. Mumewe, ambaye ni mtu mcheshi na mvumilivu, anathibitisha kwamba aliyekataliwa hakuwa yeye.

Wapo pia wanaokumbuka wageni waliokuja na pendekezo lao nono. Walitaka damu iliyokuwa imehifadhiwa kwenye majokofu yetu tangu utafiti wa malaria, waitumie kutafuta dawa ya jambo lingine kabisa, ya kuuzwa. Wakasema damu si imeshatolewa? Si iko hapo imelala tu? Mama Vikopo aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia kwamba jirani aliyekupa sukari ya kutilia chai hajakupa ruhusa ya kufungulia duka. Wageni wakacheka, wakidhani ni mzaha. Walipoona hacheki, wakafunga mikoba. Baadaye walirudi wakiwa na subira zaidi, na wenye damu wakaulizwa, na wengi wao walikubali. Hilo husahaulika mtu akisimulia kisa hiki. Hakuwahi kuwa mtu wa kukataa sayansi. Alikuwa mtu wa kutaka iingie ndani baada ya kupiga hodi.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho ndicho hasa kilichotufanya tuombe kurasa za ziada katika jarida hili. Ili kieleweke, lazima kwanza tueleze ahadi.

Zamani kidogo, kabla wengi wetu hatujaajiriwa, taasisi ilikuwa ikipeleka majibu ya vipimo majumbani ndani ya bahasha. Kulikuwa na utafiti wa matumbo katika mtaa mmoja wa karibu. Bahasha zikafunguliwa na wasiohusika, habari zikavuja, na kilichovuja kikaongezewa chumvi. Haukupita muda ikawa inasemwa kwamba watu wa mtaa ule wote wana wadudu tumboni. Akina mama waliokuwa wakiuza vyakula barabarani wakakosa wateja. Watoto wao wakatengwa madawati shuleni. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja; vijidudu vile vimo tumboni mwako wewe unayesoma, na mwangu pia. Lakini nani angesikia? Ilikuwa kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Mama Vikopo alizunguka mtaa ule kuomba radhi, mlango hadi mlango, na aliporudi akaandika kwa mkono wake sentensi ambayo ikawa sheria yetu: majibu ya mtu mmoja hayatatoka maabara kwenda popote, hata kwake mwenyewe. Watu wakatuamini tena kwa sababu ya sentensi hiyo. Na sentensi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumkaba koo.

Ilikuwa wakati wa utafiti wa kaya, ambao ulilenga kuona kama watu wanaokula chungu kimoja wanafanana pia vijidudu vya tumboni. Kati ya nyumba zilizokubali, moja ilikuwa ya fundi saa. Walikuwa wanne: fundi mwenyewe, mtu safi, mwenye msimamo na sauti; mkewe, mwalimu wa chekechea; binti yao aliyekuwa chuoni; na mama mzazi wa fundi, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, nasi tutamwita hivyo. Mama Vikopo aliketi sebuleni kwao, akaeleza kila kitu, na fundi akajibu kwamba nyumba hii imekubali. Kesho yake akarudi kuuliza tena, na fundi akajibu kwamba nyumba bado imekubali. Vikopo vinne vikaachwa, vikopo vinne vikarudi vimejaa.

Mkurugenzi wetu wa utafiti alipoona matokeo ya nyumba ile aliruka. Watu wanne, umri tofauti, na matumbo yamefanana kama sare za shule! Hajawahi mtu kuona kaya iliyofanana hivyo. Akaanza kuandaa hotuba ya mkutano mkubwa, akabadilisha na tai. Korido nzima iliambiwa kwamba nyumba ya fundi saa itatufikisha mbali.

Aliyeitia furaha hiyo maji ni mkuu wa maabara, bwana tunayemwita Baridi kwa sababu majokofu yote yako chini yake na kwa sababu ndivyo anavyozungumza. Baridi aliona kufanana kumepita kiasi. Ndani ya choo cha mtu, pamoja na vijidudu, hubaki chembe za mwili wake mwenyewe, ambazo kwa kawaida sisi tunazifuta bila kuzitazama. Baridi aliomba kibali cha kuzitazama kidogo tu, ili ajue kama vikopo vilichanganyika maabara. Havikuchanganyika. Vikopo vyote vinne vilitoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mwanamke.

Mkurugenzi alivua tai. Lakini Baridi hakuwa amemaliza. Katika vile vikopo kulikuwa na damu isiyoonekana kwa macho, na aina za vijidudu ambavyo madaktari huwakuta navyo watu wenye uvimbe kwenye utumbo mpana. Si uthibitisho, alisema, ila kama angekuwa mama yake asingelala. Kwa hiyo tukabaki na hali hii: katika nyumba ile kuna mwanamke mmoja kati ya watatu ambaye pengine anaumwa ugonjwa wa kuua, ambao ukiwahiwa unatibika. Hatukujua ni yupi. Na hata tungejua, tulikuwa tumeahidi kutosema.

Ahadi ni deni, na mkurugenzi aliliegemea hilo kwa uzito wake wote. Wanakamati wengine wakamuunga mkono. Wakamkumbusha Mama Vikopo kwamba ahadi ni yake, sentensi ni yake, na kwamba tukiivunja kwa nyumba moja, kesho mtaa mzima utauliza nini kingine tunaweza kuvunja. Hawakuwa watu wabaya, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mama Vikopo aliwaacha wamalize. Kisha akasema maneno ambayo wengi wetu tunayajua kwa moyo: "Kama ahadi inamwua mtu tuliyemwahidi, basi hatukumwahidi yeye. Tulijiahidi sisi."

Na hakutaka kwenda kusema. Hapo ndipo tulipomwona yeye ni nani. Alitaka kwenda kuuliza. Akaiomba kamati ruhusa ya kurudi katika kila nyumba ya utafiti ule, ya karibu na ya mbali, na kumwuliza kila mtu swali moja: tukiona kwenye kikopo chako jambo la afya yako, ungependa uambiwe? Mmoja wa wanakamati akauliza kwa nini nyumba zote, wakati shida iko nyumba moja. Akajibiwa kwamba tukienda nyumba moja tu, kule kwenda kwenyewe ni jibu, na majirani wana macho. Kamati ikapiga kura. Akapita kwa kura moja, na kura hiyo, tunaambiwa, ilikuwa ya Baridi.

Kulikuwa na badiliko moja zaidi. Tangu asikie habari ya mwanamke mmoja katika vikopo vinne, Mama Vikopo alikuwa amejikasirikia. Miaka yote alikuwa akiuliza mara mbili, lakini alikuwa akiiuliza nyumba, na nyumba hujibu kwa sauti ya mtu mmoja. Safari hii angeuliza watu. Kila mtu peke yake, mlango umefungwa.

Fundi saa hakupendezwa. Alisema hakuna haja ya kusumbua watu, yeye ndiye baba wa nyumba na wote wanataka. Mama Vikopo akamwambia kwa upole kwamba anashukuru, na kwamba ataanza na yeye. Mlango ulipofungwa, baba wa nyumba alitazama sakafu, akakiri kwamba kile kikopo hakukijaza. Aliona haya. Alimpa mkewe akamwambia amalizie hilo jambo. Mke alipoingia alicheka mpaka akafuta machozi: yeye naye alishindwa, akampa binti vyote viwili, cha mumewe na chake, akamwambia wewe ndiye msomi, mambo haya unayaelewa. Binti naye, msomi wa watu, aliongeza chake na cha bibi yake, akaviweka vyote vinne chini ya kitanda cha bibi, akakimbilia chuoni.

Bibi hakukwepa. Alisema ndiyo, ni yeye, vyote vinne. "Watu wamekuja kwa adabu, wamekaa, wamekunywa chai yangu. Watoke mikono mitupu? Nyumba hii haijawahi kufanya hivyo." Alichukua siku kadhaa, akajaza kimoja kimoja, na hakuona sababu ya kutangaza.

Basi Mama Vikopo alikuwa ameshampata mtu wake. Alikuwa ameketi mbele yake, kanga yake begani, mzima kwa kumtazama. Akamwuliza swali kama alivyowauliza wenzake, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza wala kukaza sauti. Na Bibi akajibu: "Sitaki. Nimefika hapa nilipo bila kuambiwa."

Mama Vikopo alishukuru, akaaga, akatoka. Dereva wetu anasema kwamba aliingia garini akaomba wasiondoke kwanza, akainamia mkoba wake, akalia. Alikuwa amepigana wiki nzima na wakubwa ili apate ruhusa ya kuuliza, na sasa mwenye tumbo amekataa kusikia.

Habari zilipofika ofisini, ajabu ilitokea. Mkurugenzi, yuleyule wa ahadi ni deni, sasa alitaka Bibi aambiwe kwa nguvu. Ameshajulikana ni nani, alisema, tunangoja nini? Yeye mwenyewe yuko tayari kwenda. Mama Vikopo alisimama mlangoni pa ofisi yake, na ingawa si mtu mnene, mlango ulijaa. Akamwambia: "Jana hukutaka aambiwe hata kama angetaka. Leo unataka aambiwe hata kama hataki. Yeye mwenyewe yuko wapi katika haya?" Mkurugenzi, tunamheshimu kwa hili, alikaa chini. Miaka iliyofuata alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake habari ya mlango ule yeye mwenyewe, bila kujipunguzia hata kidogo.

Desturi ilikuwa desturi. Siku ya pili Mama Vikopo akarudi kwenye nyumba ile. Akawauliza tena wote, mmoja mmoja, akimwacha Bibi mwisho. Bibi alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa. Swali likaulizwa kwa maneno yaleyale. Badala ya kujibu, Bibi naye akauliza: akisema ndiyo, je, mwanawe ataambiwa? La, akajibiwa, mpaka useme wewe. Hata akikuuliza? Hata akiniuliza. Hata akipandisha mori? Hata akipandisha mori.

Bibi akaweka ungo pembeni. "Basi niambie."

Kumbe alikuwa akiona damu kwa miezi kadhaa. Alinyamaza kwa sababu katika nyumba ile jambo lolote likisemwa kwa mmoja humfikia mwanawe, na likimfikia mwanawe yeye huamua, tena kwa mapenzi. Angempeleka hospitali, angechagua daktari, angewapigia simu ndugu wote, na kabla ya siku kwisha kila mtu angekuwa na neno la kusema juu ya tumbo la Bibi isipokuwa Bibi. Alimpenda mwanawe kupita kiasi. Alichotaka ni kuugua kwa amri yake mwenyewe. Mficha uchi hazai, Mama Vikopo alimkumbusha, na Bibi akamjibu kwamba yeye ameshazaa, na aliyemzaa ndiye tatizo. Wakacheka wote wawili.

Walikwenda hospitali pamoja, kama marafiki wawili wanaosindikizana. Uvimbe ulikuwepo. Ulikuwa haujatambaa popote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ulizibwa ungali ufa. Siku moja kabla ya kupasuliwa, Bibi alimwita mwanawe akamwambia yote kwa kinywa chake, kwa sababu alitaka akizinduka amkute pembeni ya kitanda. Na alimkuta.

Hilo lingetosha kuwa mwisho mwema, lakini fundi saa alikuja ofisini. Alisimama katikati ya korido na sauti ile tuliyoitaja. Mama yangu analala nyumbani kwangu, alisema, anakula mezani kwangu, halafu mtu wa nje anajua kilichomo tumboni mwake kabla yangu? Mngemzika mngenipa pole? Kila mlango ulifunguka. Mama Vikopo hakujitetea. Alimfungulia chumba chake, akamkalisha kwenye kiti cha mto, yeye akachukua kigoda. Alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Ndipo akamwambia kwamba ana haki ya kukasirika, na kwamba mama yake alikuwa na haki ya kumwomba asiseme, na kwamba hizo haki mbili hazifutani. Fundi akaondoka bila kumpa mkono. Wakikutana barabarani aligeuza uso, kwa miaka. Lilimwuma sana. Alituambia waziwazi kwamba linamwuma, na kwamba angefanya vilevile tena.

Leo utaratibu wake ndio utaratibu wa nyumba yote. Hapana utafiti unaoanza hapa bila kila mtu kuulizwa peke yake: unakubali au hukubali, na tukiona jambo, utapenda kujua au la. Jibu la hapana linaandikwa kwa wino uleule wa ndiyo. Majina ya mitaa hayaonekani tena kwenye ripoti zetu. Wenye sampuli huulizwa upya sampuli zao zinapotakiwa kwa kazi mpya, na wawili kati yao wamekaa kwenye kamati ya maadili, ambako huwatoa watafiti jasho bila hata kigoda. Taasisi nyingine zimetuma watu kujifunza, wakakalishwa, wakaambiwa waanze. Amewafundisha wauguzi na watafiti tusioweza kuwahesabu, na ukimsikia kijana yeyote katika jengo hili akisema "nieleze kama mama mkwe," ujue amepitia mikononi mwake.

Kasoro hana? Anazo. Anaazima kalamu na harudishi. Amewahi kuchelewesha utafiti mzima kwa sababu ya neno moja lililomkera. Na kamati ya kumuaga ilipokwisha kununua zawadi, mtu akauliza kama kuna aliyemwuliza mwenyewe anapenda nini, tukatazamana kama wezi. Tulipokwenda kumwuliza alisema atafikiri. Mpaka tunakwenda mitamboni bado anafikiri.

Neno la mwisho ni la namna makala haya yalivyopatikana. Kisa cha nyumba ya fundi hakikuwa chetu kukisimulia, na Mama Vikopo alisema wazi kwamba pasipo ridhaa yao wasifu wake uandikwe bila hicho, hata ukiwa mfupi kama kipimo cha joto. Kwa hiyo mimi, mwandishi, nilikwenda. Mke na binti walikubali, kila mmoja kwa wakati wake. Fundi alikuwa kwenye kibanda chake cha saa kando ya nyumba, miwani puani. Nikamweleza nilichojia. Yaliyonihusu mimi andika, alisema, pamoja na kelele zile, maana nilizipiga. Kisha nikamwuliza kama tunaweza kusimulia habari za mama yake, ambaye ni mzee sana sasa na husinzia mchana. Nilimwuliza yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na kwa sababu nilimwonea Bibi huruma kumwamsha.

Fundi aliweka kibano mezani. Akasema: "Hilo siwezi kumsemea. Ngoja nimwite."

Akaenda ndani, akarudi naye taratibu, akiwa amemshika mkono. Akamvutia kiti, akamwekea mto mgongoni. Halafu yeye, mwenye nyumba, akatoka kwenye kibanda chake mwenyewe, akaenda kusimama juani, na mlango akaufunga nyuma yake. Bibi alinisikiliza, akaniambia nirudi kesho. Nilirudi. Akakubali, kwa sharti kwamba tuandike bila kupindisha kuwa vikopo vyote vinne alivijaza yeye, na hakusaidiwa na mtu.

Nilipompelekea Mama Vikopo habari hizi, sikuanza na ruhusa ya Bibi. Nilianza na ule mlango. Alinifanya nirudie. Akavua miwani, akaisafisha kwa ncha ya mtandio ingawa haikuwa chafu.

Dada yetu, mwalimu wetu, umetufanyia mengi na tunakushukuru kwa yote. Tunasikia watoto wako wameshakupangia utakaa kwa nani, na kaka yako ameshakupangia utalima nini. Sisi tunakutakia afya, usingizi mzuri na siku ndefu za furaha. Na kuliko yote, tunakutakia mtu wa kukuuliza, akakaa kimya akangoja, mpaka useme mwenyewe unataka nini.